Wauguzi wangapi wanatosha? Mantiki ya fazi yapima zamu za idara ya dharura

Na Mwandishi Wetu

SAA moja jioni katika idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa ya mjini. Viti vya mapokezi vimekwisha, machela mbili zimewekwa kwenye korido na gari la wagonjwa linarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Uongozi wa hospitali ukipiga simu kuuliza hali ikoje, muuguzi kiongozi wa zamu kwa kawaida hajibu kwa tarakimu. Hujibu kwamba wagonjwa ni wengi, kwamba baadhi yao wana hali mbaya, na kwamba waliopo kazini wamebanwa.

Maneno hayo yana maana kamili kwa anayeyatamka. Anajua tofauti iliyopo kati ya "wengi" ya Jumatatu asubuhi na "wengi" ya usiku wa sikukuu. Tatizo ni kwamba ratiba ya zamu haisomi maneno. Inasoma idadi, na idadi iliyoandikwa humo mara nyingi ilipangwa wiki kadhaa kabla ya usiku wenyewe.

Hapo ndipo inapoingia taaluma inayojulikana kama mantiki ya fazi, yaani mantiki ya mambo yasiyo na mpaka mkali. Ni tawi la hisabati linalochukua maneno kama "wachache", "wengi" na "hali mbaya" na kuyafanyia hesabu bila kuyalazimisha yawe ndiyo au hapana. Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu kuitumia katika idara za dharura, kuanzia kuchambua wagonjwa kwa uzito wa hali zao hadi kupima msongamano na mahitaji ya watumishi.

Kosa katika hesabu ya watumishi halibaki kwenye karatasi. Uingereza ililiona hilo katika Hospitali ya Stafford, kaskazini ya jiji la Birmingham. Ripoti ya tume ya ukaguzi wa huduma za afya ya nchi hiyo, iliyotolewa Machi 2009, ilieleza kwamba idara ya dharura ya hospitali hiyo ilikuwa na madaktari na wauguzi pungufu, na kwamba makarani wa mapokezi wasio na mafunzo ya tiba ndio walioachiwa kuwapima wagonjwa kwa macho walipofika, wakiamua nani aharakishwe na nani angoje. Kuanzia Desemba 2011 idara hiyo ilianza kufungwa kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi kwa sababu madaktari waandamizi hawakutosha.

Njia ya kwanza ya kuzuia hali kama hiyo ni uwiano uliowekwa na sheria. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1999, na utekelezaji wake ukaanza Januari 2004. Katika idara ya dharura, muuguzi mmoja haruhusiwi kuhudumia wagonjwa zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Wakiwa mahututi, wasizidi wawili. Akiwa majeruhi mahututi, awe na muuguzi wake peke yake. Jimbo la Victoria nchini Australia nalo liliingiza uwiano wake katika sheria mwaka 2015, ambapo idara za dharura zilipangiwa muuguzi mmoja kwa vitanda vitatu.

Njia ya pili ni kupima kazi inayofanyika. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1998 mwongozo wa kukokotoa mahitaji ya watumishi kwa kulinganisha wingi wa kazi za kituo katika mwaka na muda ambao mtumishi mmoja anao wa kuzifanya, na likauboresha mwaka 2010. Ni njia nzuri ya kujua kama wilaya ina wauguzi pungufu. Haiwezi, hata hivyo, kumwambia muuguzi kiongozi kama saa hii, jioni hii, ampigie simu mwenzake aliyeko nyumbani.

Ipo pia nadharia ya foleni, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Agner Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyechapisha mwaka 1909 hesabu zake kuhusu simu zinazoingia kwenye mitambo. Profesa Linda Green wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliitumia katika hospitali moja ya New York kupanga upya saa za madaktari wa idara ya dharura. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba saa za kazi ziliongezwa 12 tu kwa wiki, sawa na asilimia 3.1, na nyingine zikahamishwa kutoka nyakati za utulivu kwenda nyakati za shinikizo. Ingawa wagonjwa waliofika waliongezeka kwa 1,078, walioondoka bila kuonwa walipungua kwa 258. Somo lake ni zito: saa ya kuingia kazini inaweza kuwa na uzito sawa na idadi ya wanaoingia.

Njia zote hizo zinaheshimika, lakini zinapowekwa kwenye ubao wa zamu hukumbwa na ugonjwa mmoja, nao ni ukali wa mpaka. Chukua kipimo cha msongamano kilichobuniwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, kiitwacho NEDOCS. Hukusanya mambo saba, yakiwamo idadi ya vitanda, wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia na wale waliokwisha kulazwa lakini wanangoja nafasi wodini, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 200. Kuanzia alama 61 hadi 100 idara huhesabiwa kuwa na shughuli nyingi mno lakini haijafurika; ikifika 101, imefurika. Mgonjwa mmoja mwenye homa akiingia mlangoni, idara inaweza kuhama daraja. Hakuna muuguzi anayehisi badiliko hilo mwilini mwake.

Msomaji wa mjini halihitaji somo la chuo kikuu ili kuelewa jambo hili. Daladala yenye viti 25 na abiria 25 imejaa. Je, ikiwa na 24? Na ikiwa na 30, imejaa zaidi au imejaa vilevile? Kondakta atasema nafasi ipo, abiria aliyebanwa mlangoni atasema ilijaa vituo vitatu vilivyopita, na wote wawili wanasema kweli kwa kiasi fulani. Mantiki ya kawaida hulazimisha jibu moja, imejaa au haijajaa. Mantiki ya fazi huuliza imejaa kwa kiasi gani, na hupokea jibu lolote kati ya sifuri na moja. Abiria 20 wanaweza kupewa 0.5, abiria 30 wakapewa 1.

Aliyeanzisha fikra hiyo ni Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku, Azerbaijan, mwaka 1921, aliyesoma Tehran kabla ya kwenda Marekani na kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Makala yake ya mwaka 1965 kuhusu seti za fazi ilipokewa kwa mashaka na wahandisi wengi wa Marekani, waliozoea kuamini kwamba usahihi ni tarakimu nyingi baada ya nukta. Zadeh alifariki dunia mwaka 2017, baada ya kuishuhudia nadharia yake ikiendesha treni za chini ya ardhi za jiji la Sendai, Japan, zilizoanza safari mwaka 1987.

Jambo ambalo halisemwi sana hapa kwetu ni kwamba mtu aliyeitoa nadharia hiyo kwenye karatasi na kuifanya iendeshe mashine alizaliwa Tanganyika. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942, alisoma India kisha Uingereza, na katikati ya miaka ya 1970, akiwa Chuo cha Queen Mary cha London pamoja na mwanafunzi wake Sedrak Assilian, alitengeneza mfumo ulioendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno: kama mvuke uko juu kidogo na unapanda, punguza moto kidogo. Hadi leo wanafunzi wa uhandisi wa dunia nzima hujifunza "njia ya Mamdani". Alifariki Januari 2010, mwezi uleule ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya kisasa ya tiba ya dharura. Ni sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa.

Je, kanuni za injini ya mvuke zinahamia vipi kwa wauguzi? Mfano ufuatao ni wa kufundishia na haukutoka katika hospitali yoyote. Tuchukue mambo mawili tu. La kwanza ni wagonjwa kwa kila muuguzi. La pili ni uzito wa hali zao, ambao unaweza kupatikana kutokana na rangi wanazopewa wanapopokewa. Katika utaratibu ulioanzia Afrika Kusini, ulioandaliwa na kundi la wataalamu wa Cape lililoundwa mwaka 2004, mgonjwa wa rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja na wa kijani ndani ya saa nne. Uzito wa zamu, kwa mfano wetu, ni asilimia ya wagonjwa walio katika rangi mbili za kwanza.

Sasa maneno yapewe umbo. Tuseme wauguzi wenyewe wamekubaliana kwamba wagonjwa 4 kwa muuguzi ndiyo hali ya "kiasi" hasa, na kwamba neno hilo hufifia polepole hadi kutoweka wakiwa 2 upande mmoja na 6 upande wa pili. Neno "wengi" huanza kuchomoza baada ya 4 na hukamilika wakifika 8. Kwa upande wa hali zao, zamu ni ya "kawaida" kabisa hadi asilimia 20, kisha huanza kuwa "nzito" na kukamilika kuwa nzito ikifika asilimia 40.

Jioni moja, kila muuguzi ana wagonjwa 5, na asilimia 35 yao ni wa rangi nyekundu au chungwa. Watano ni "kiasi" kwa 0.5 na ni "wengi" kwa 0.25. Zamu ni "nzito" kwa 0.75 na ya "kawaida" kwa 0.25. Msomaji asichanganye hapa: 0.75 haina maana kwamba upo uwezekano wa asilimia 75 kwamba zamu ni nzito. Hakuna bahati nasibu. Hali ya zamu inajulikana yote. Linalopimwa ni namna neno "nzito" linavyoifaa.

Kanuni ni nne, nazo zinaandikwa kama muuguzi mzoefu angezisema. Wagonjwa wakiwa kiasi na hali zao za kawaida, asiongezwe mtu. Wakiwa kiasi lakini zamu ni nzito, aongezwe mmoja. Wakiwa wengi na hali zao za kawaida, aongezwe mmoja. Wakiwa wengi na zamu ni nzito, waongezwe watatu. Nguvu ya kila kanuni ni ile ndogo kati ya sharti zake mbili, kwa sababu mnyororo hauna nguvu kuliko pete yake dhaifu. Kanuni ya kwanza inapata 0.25, ya pili 0.5, ya tatu 0.25 na ya nne 0.25.

Zote nne zinazungumza kwa pamoja, kila moja kwa sauti ya kadiri yake. Kwa njia nyepesi inayotokana na kazi ya Wajapani Tomohiro Takagi na Michio Sugeno ya mwaka 1985, tunazidisha nguvu ya kila kanuni kwa idadi inayoipendekeza, tunajumlisha na kugawa kwa jumla ya nguvu zote. Tunapata 1.5 kwa 1.25, yaani 1.2. Jibu ni kwamba zamu hii inahitaji muuguzi mmoja zaidi sasa hivi, na wa pili aambiwe akae tayari.

Utamu wa hesabu hii uko kwenye ulinganisho. Zamu yenye wagonjwa walewale 5 kwa muuguzi, lakini asilimia 20 tu wakiwa na hali mbaya, hupata 0.33: haitakiwi simu bado. Na zamu yenye wagonjwa 4 kwa muuguzi, asilimia 40 wakiwa na hali mbaya, hupata 1 kamili. Uwiano mtupu wa mmoja kwa wanne ungesema kinyume, kwamba zamu ya kwanza imevunja kanuni na ya pili iko salama. Ni haki kuongeza kwamba watunga sheria wa California waliliona hilo, ndiyo maana waliweka uwiano wa pekee kwa mahututi. Lakini hata hapo mgonjwa ama ni mahututi ama siye, na wauguzi wanajua kuna wengi walio njiani kati ya hali hizo mbili.

Mfumo wa kweli ungeingiza mengi zaidi: muda wa kungoja wa mgonjwa wa mwisho kuonwa, waliolazwa lakini bado wako kwenye machela kwa kukosa nafasi wodini, uzoefu wa wauguzi waliopo, na kama daktari bingwa yupo jengoni au yuko kwa simu. Kila kipimo kinachoongezwa huzaa kanuni nyingi. Vipimo vitano vyenye maneno matatu kila kimoja vinahitaji kanuni 243 ili kukidhi kila hali, na ni vigumu kupata kikao cha wauguzi kitakachojadili kanuni 243 kwa makini. Kwa sababu hiyo mifumo inayodumu huwa ni midogo.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, si wa hisabati. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme uongozi, ukikabiliwa na bajeti finyu, unaamua kwamba "kiasi" hasa ni wagonjwa 6 kwa muuguzi, ikififia kwenye 4 na 8, na kwamba "wengi" huanza baada ya 6. Kanuni zinabaki zilezile nne, neno kwa neno. Jioni ileile ya wagonjwa 5 na asilimia 35, jibu linashuka kutoka 1.2 hadi 0.67, na simu haipigwi. Hakuna mgonjwa aliyepona wala muuguzi aliyeongezeka. Kilichohama ni maana ya neno, na imehama mahali ambapo mwananchi hawezi kupaona.

Hapa ndipo mwandishi wa makala hii anapotofautiana na wapenzi wa teknolojia wanaotaka uwiano wa sheria uondolewe na mahali pake pawekwe kompyuta. Uwiano wa mmoja kwa wanne ni chombo butu, lakini ndugu wa mgonjwa anaweza kusimama mlangoni akahesabu. Alama ya fazi hawezi kuihesabu. Uingereza yenyewe inatoa fundisho katika hili. Baada ya uchunguzi wa wakili Robert Francis kuhusu maafa ya Stafford, uliokamilika mwaka 2013, taasisi ya taifa ya viwango vya tiba, NICE, ilianza kuandaa miongozo ya idadi salama ya wauguzi. Rasimu ya idara za dharura ilitolewa Januari 2015, ikiwa na uwiano ndani yake. Juni mwaka huohuo kazi hiyo ilisimamishwa. Uwiano ulioandikwa huwatisha wenye fedha kwa sababu unaweza kudaiwa.

Matumizi salama, kwa hiyo, ni kuiweka mantiki ya fazi juu ya kiwango cha chini na kamwe si badala yake. Uwiano uwe sakafu isiyovunjwa kwa hoja yoyote ya kompyuta. Fazi ifanye kazi ya kuonya mapema pale ambapo sakafu haijaguswa lakini zamu imeanza kuelemewa. Aidha, maumbo ya maneno yawekwe hadharani, yenye tarehe na majina ya vyeo vya waliyoyakubali, na yajaribiwe dhidi ya madaftari ya miezi iliyopita: siku ambazo wauguzi walilalamika, mfumo ungesema nini? Ukikaa kimya siku hizo, kosa liko kwenye maumbo.

Wapo watakaouliza kama haya yote hayahitaji mitambo ya gharama ambayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Hayahitaji. Mfumo wa vipimo viwili kama wa mfano wetu unaweza kukokotolewa mara moja kwa kikokotoo cha kawaida, majibu yake yakaandikwa kwenye jedwali la ukurasa mmoja: safu za kwenda chini ni wagonjwa kwa muuguzi kuanzia 2 hadi 8, za kwenda kulia ni asilimia ya rangi nyekundu na chungwa, na kila chumba kina namba ya wauguzi wa kuitwa. Jedwali hubandikwa ukutani karibu na simu ya zamu.

Linalohitajika ni daftari la mapokezi lililojazwa kikamilifu, rangi ya kila mgonjwa ikiandikwa anapoingia na kurekebishwa hali yake inapobadilika. Mtu wa kuhesabu rangi hizo kila baada ya saa mbili naye ni muuguzi, na wakati anahesabu hayuko kitandani kwa mgonjwa. Hospitali itakayoanza itabidi iamue kwanza kazi hiyo ni ya nani, na kuiingiza kwenye ratiba.